Maji ya Sabuni Ndani ya Klachi

Siku Pokuaa alipoleta ujumbe wa ukoo, Yaw Bempah alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, anapiga tupa kipande cha chuma ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Alimsikiliza shemeji yake mpaka mwisho na hakuinua kichwa.

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi. Ijumaa watamtoa Dufie, mke wa Bempah, mochwari, wampeleke kwao Asuokrom akazikwe. Nyumba ya ukoo imeshapakwa rangi, maturubai yamekodiwa, nguo nyeusi na nyekundu zimeshashonwa. Limebaki jambo la gari. Bempah ameshasema kwamba yeye ndiye atakayembeba mke wake, kwa pikapu yake mwenyewe, na Mjomba Gyimah, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wa Dufie, hajakataa wala hajakubali. Alhamisi atakuja mwenyewe hapa Magazini aikanyage klachi ya pikapu hiyo kwa mguu wake. Pedali ikisimama imara, Bempah atabeba. Ikizama mpaka chini, ukoo utakodi gari la maiti, lile jeupe lenye king'ora.

"Amesema hataki jeneza la mpwa wake lisimame mlimani kama gunia la mihogo," Pokuaa alisema. "Ni maneno yake hayo, shemeji, si yangu."

"Nimesikia."

"Kwa hiyo utaitengeneza?"

"Nimesikia, Pokuaa."

Pokuaa akaitazama pikapu. Ilikuwa imeegeshwa mwisho wa kibanda, pua imeelekea ukutani, vumbi limeifunika mpaka kwenye taa. Mtu alikuwa ameandika kwa kidole kwenye mlango: NIOGESHE. Pokuaa alifuta maneno yale kwa ncha ya kitambaa chake, akaaga, akarudi kwenye sufuria zake za wali na maharage pale stendi.

Bempah akaendelea kupiga tupa.

Magazini ni mahali ambapo mji wa Kumasi unapeleka magari yake yakiugua, na kila fundi ana kelele yake. Jirani wa kulia wa Bempah ni Issaka, mchomeleaji, mtu wa kaskazini, mcheshi kuliko inavyompasa mtu anayeshinda na moto machoni. Kushoto, palipokuwa na meza ambapo Dufie aliuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, hapana mtu. Meza yenyewe ipo. Wateja wa Dufie bado wanapita, wanaitazama, wanaendelea na safari.

Ukoo ulikuwa umemweka Dufie kwenye barafu msimu mzima. Huwezi kuzika mtu kutoka kwenye nyumba yenye nyufa, walisema. Dufie alipokuwa hai alizipigia kelele nyufa zile, akawaambia wajomba zake kwamba mvua ikinyesha mama yake analala ameshika beseni. Walimwambia avumilie. Alipokufa saruji ikapatikana, na rangi ikapatikana, tena rangi ya njano ya kung'aa, maana wageni watakuja na picha zitapigwa. Bempah aliyasema hayo mara moja tu, kwenye kikao cha ukoo, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia saa.  Mzee mmoja alikohoa, wakaendelea na habari ya viti.

Watu walisema Bempah ana moyo wa jiwe. Hakulia hospitalini, hakulia kwenye maombolezo ya juma la kwanza, alikaa kwenye kiti cha plastiki akapeana mikono na watu kama mtu anayepokea mizigo. Yeye mwenyewe hakujua kama ni jiwe ama nini. Alikuwa anakula na chakula hakina ladha, analala na usingizi haumpumzishi. Siku moja alishika bomba la moshi lililotoka barabarani sasa hivi, kiganja kikaungua, na ni Issaka aliyepiga kelele.

Hasira peke yake ndiyo iliyobaki, nayo haikuwa na moto. Alikuwa nayo kama mtu anavyokuwa na ufunguo mfukoni. Alijua inamfungua nani na nani.

*

Kutoa upepo kwenye klachi ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala chini ya gari na spana, mwingine anakaa kwenye usukani. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga, anasema nimekanyaga. Wa chini anafungua kinati, mafuta yanaruka pamoja na upepo uliojificha ndani, anafunga, anasema achia. Wa juu akiachia kabla ya kuambiwa, upepo unarudi na kazi inaanza upya. Basi inatakiwa wawe watu wanaosikilizana.

Bempah hakuwa na msaidizi. Vijana waliokuja kujifunza kazi waliondoka mmojammoja kwenda kuendesha pikipiki. Ikifika saa ya kutoa upepo alikuwa anaita tu, "Dufie!" na Dufie anaiacha meza yake ya kenkey, anajifuta mikono, anavua kandambili, anapanda. Alikanyaga peku. Alisema viatu vinadanganya.

Na alikuwa na majina yake. Bempah chini ya gari hakuweza kujua pedali inasemaje. Alitegemea mdomo wa mke wake. Pedali ikiwa laini, inazama bila kushika kitu, Dufie alisema, "Fufu ya maji," yaani ugali wa muhogo uliozidi maji. Ikizama halafu inarudi kwa uvivu, alisema, "Imelala na mume wa mtu." Ikiwa ngumu kupita kiasi, haikunjiki, alisema, "Goti la mchungaji," na mafundi wa vibanda vyote vya jirani wakacheka kwa sababu mchungaji wake walimjua. Halafu, kazi ikikaribia mwisho, angenyamaza kidogo, akanyage tena polepole, aseme, "Kenkey ya leo." Maana yake imeshikana lakini inakubali. Hapo Bempah alikaza kinati kwa mara ya mwisho, akatoka chini, na hakujaribu pedali yeye mwenyewe. Wenye magari walishangaa. Fundi gani huyu hapimi kazi yake? Issaka aliwaambia, "Kipimo kimeshuka, kimeenda kuuza kenkey."

*

Siku ile ya mwisho ya Dufie walikuwa Asuokrom, wamekwenda kumwona mama yake. Dufie aliamka na maumivu ya tumbo, yakawa makali kabla jua halijapanda. Zahanati ya Asuokrom ilikuwa na jengo, ilikuwa na kibao, haikuwa na daktari. Bempah akamweka kwenye pikapu waende Kumasi.

Barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa. Kulikuwa na mkubwa mmoja kutoka serikalini amekuja kukata utepe wa mtaro. Mtaro, si daraja. Askari mwenye glovu nyeupe alichungulia dirishani, akamwona mwanamke amejikunja, akasema poleni, akaonyesha kwa mkono njia ya mlimani. Bempah alimwambia mke wangu anaumwa. Askari akasema, hata mimi mzee wangu nina mke, lakini nina wakubwa pia.

Basi wakapanda Bepokese. Mlima ule hauna huruma na gari lenye afya, sembuse pikapu ile. Katikati ya mlima Bempah alikanyaga klachi abadilishe gia, na mguu ukaenda mpaka chini kama umekanyaga hewa. Kipira cha silinda ya chini kilikuwa kimechoka, mafuta ya klachi yote yamemwagika njiani. Na chupa ya akiba hakuwa nayo.

Ni Dufie aliyesema, "Sabuni."

Alikuwa amefungasha vitu vya hospitali: kanga, beseni, kipande cha sabuni ya mche. Aliomba mfuko wa maji ya kunywa, ile mifuko midogo wanayouza njiani, akaukata pembe kwa meno, akaingiza kipande cha sabuni, akaanza kukisugua ndani kwa kidole gumba. Maumivu yakija anasimama, anafumba macho, yakipita anaendelea. Maji yakawa mazito, meupe. Bempah akayamimina kwenye kikopo cha mafuta chini ya boneti. Dufie akasogea mpaka kwenye usukani, akavua kandambili, akampigia pedali, naye Bempah yuko chini kwenye kokoto. Pedali ikapanda nusu.

"Fufu ya maji," Dufie alisema. "Lakini twende nayo hivyohivyo."

Walifika. Hospitalini waliambiwa wakae kwenye benchi, hakuna kitanda. Halafu mlinzi akamwambia Bempah aondoe gari getini kwa sababu linazuia njia ya wakubwa. Akaenda kuliondoa. Kupata mahali kulichukua muda. Aliporudi, benchi lilikuwa na watu wengine.

Kuanzia siku hiyo pikapu haikuendeshwa tena. Kipira kipya kilikuwepo, kwenye rafu. Chupa ya mafuta ilikuwepo, kizibo hakijafunguliwa. Kila siku Bempah alichukua spana, akasimama kando ya boneti, akafungua kikopo kile akatazama. Maji ya sabuni yalikuwa bado yamo ndani, yamebaki robo tu, rangi yake imegeuka kijivu. Alijua vizuri yanafanya nini mle. Sabuni inakula chuma, inavimbisha vipira. Kama ni gari la mteja angemtukana mteja. Akarudisha kizibo.

Ni kazi ya mwisho ya mikono ya Dufie duniani, na ilikuwa mle. Bempah hakulisema hilo kwa mtu yeyote.

*

"Mzee mwenzangu," Issaka alisema siku ya Jumatano, kofia yake ya kuchomelea ameipandisha juu kama kilemba, "hii pikapu unaitengeneza ama unaiombea dua?"

"Vipira vya siku hizi vibaya."

"Vibaya, lakini unacho. Nimekiona. Umekiweka rafuni kama picha ya rais."

"Nitaiangalia."

"Kesho anakuja yule mjomba. Na yule, nasikia, aliendesha malori ya magogo mpaka mguu ukavunjika. Huyo humdanganyi kwa kupaka rangi." Issaka akangoja acheke. Bempah hakucheka. Issaka akalainisha sauti. "Nikusaidie kukanyaga? Si nina miguu?"

"Hapana."

"Basi mtu gani atakukanyagia?"

Bempah alikuwa anafuta spana kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko spana. Aliifuta muda mrefu. Mwisho Issaka akashusha kofia yake, akarudi kwenye cheche zake.

Swali lilikuwa la kweli. Asipoitengeneza, Dufie atakwenda kwao kwa king'ora, na Dufie alichukia king'ora. Alikuwa akiliona lile gari jeupe linapita anasema, "Maiti huyo amechelewa wapi?" Alitaka kwenda polepole, madirisha wazi, asalimie watu. Akiitengeneza, itabidi ayamwage maji yale. Bempah alilala na mambo hayo mawili yako kila moja upande wake wa kitanda, na yote mawili hayakumfikia.

*

Alhamisi Mjomba Gyimah alikuja baada ya chakula cha mchana. Alishuka teksi kwa taabu, fimbo kwanza, halafu mguu mzima, halafu mguu mbovu. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya msiba, ametupa pindo begani. Mafundi wa jirani wakapunguza nyundo kumheshimu. Issaka alikuwa amekwenda kuswali.

Wakasalimiana, wakaulizana habari, maji yakaletwa, mzee akanywa kidogo na kumwaga kidogo chini. Halafu hakuzunguka. Akauliza gari liko wapi, akaonyeshwa, akapanda upande wa usukani, akavua kiatu cha kushoto. Bempah akaona jinsi alivyokivua, kama Dufie na kandambili zake, akaangalia pembeni.

Mzee akakanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini, ikabaki hukohuko. Akaingiza vidole vya mguu chini yake, akainyanyua, akakanyaga tena. Ikaenda tena.

"Hii ndiyo iliyomwua mtoto wangu," alisema.

"Hapana, mjomba," Bempah akasema. "Aliyemwua yuko mjini. Ana ofisi, ana feni."

Mzee akamtazama. Alikuwa mtu mwenye mdomo mkali, na Bempah alikuwa amejiandaa kupigwa nao. Lakini mzee akauliza tu, "Mafuta unayo?"

"Ninayo."

"Kipira?"

"Kipo."

"Sasa unangoja nini, mkwe wangu? Unangoja nikodi gari la watu, useme ukoo umekunyang'anya mkeo?"

Bempah akajifuta mikono kwa kitambaa chake. Na kweli, sehemu fulani ndani yake ilikuwa imengoja hasa hilo. Wakubwa wamwamulie, halafu abaki na kitu cha kuwalaumu na maji yabaki kwenye kikopo. Alilitazama wazo hilo kama unavyotazama mdudu aliyekufa kitambo.

"Sina wa kunikanyagia," alisema.

"Mimi nimekaa wapi? Kwenye kiti cha kinyozi?" Mzee akajiweka sawa, akaegemeza fimbo kwenye mlango. "Ingia chini."

Bempah akatandika gunia, akachukua spana na kopo tupu la maziwa, akaingia chini ya pikapu. Palikuwa na harufu ya vumbi na mpira. Akapapasa mpaka akakipata kinati.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Akafungua. Mwanzoni kikatoka kikohozi tu. Akafunga, akasema achia, wakarudia. Mara ya tatu yakaja. Maji ya kijivu, mepesi, yalitiririka kwenye kopo, mengine yakapita njia yake yakashuka kwenye kifundo cha mkono wa Bempah mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa baridi. Yalinuka chuma, na chini ya chuma, kwa mbali, yalinuka siku ya kufua.

Alitakiwa kufunga. Hakufunga. Alishikilia spana akayatazama yanavyopungua, kutoka mchirizi mpaka matone.

"Mkwe, niachie?" sauti ikatoka juu.

Matone yakaendelea.

"Mkwe wangu. Mguu huu si wa kazi hii. Unatetemeka."

"Usiachie," Bempah akasema. Halafu akasema, "Haya ni maji ya Dufie."

 Bempah alikuwa anaona kupitia tundu la sakafu kisigino cha mzee, cheupe kwa vumbi, kinatetemeka kweli, lakini hakiondoki.

"Maji ya sabuni," mzee akasema.

"Ndiyo."

"Sabuni ya mche. Kaisugua ndani ya maji, kwa kidole gumba, mpaka yakawa mazito."

Bempah aligeuza shingo, ingawa pale chini hapakuwa na cha kuona ila chuma. "Nani alikwambia?"

"Nani wa kuniambia? Nilimwonyesha mimi." Mzee alipumua. "Alikuwa mdogo, anapanda na mimi kwenye lori la magogo shule zikifungwa. Mama yake alinigombeza, nikawa namwiba. Lori likivuja mafuta ya klachi porini, duka liko wapi? Nampa sabuni. Mkono wake mdogo ulikuwa unaingia kwenye kibuyu. Nikimaliza kumwaga namweka kwenye pedali, nalala chini, naye anakanyaga amesimama, maana akikaa hafiki. Alikuwa anaipa majina ya vyakula. Shetani mdogo."

 Bempah, chini, alingoja hasira ije. Kwa mtu huyu alikuwa na hasira aliyoitunza vizuri kuliko zote: nyufa, rangi ya njano, barafu, viti. Aliitafuta. Ilikuwa kama kupapasa mfukoni mahali unapoweka kisu siku zote ukakuta kitambaa. Basi alifikiria jambo dogo tu, kwamba yeye miaka yote alidhani majina yale yalizaliwa hapa, chini ya gari lake.

Tone la mwisho likaanguka. Akafunga kinati.

"Achia," akasema.

Alifungua silinda, akatoa kipira kilichokwisha, kilikuwa kimevimba na kulegea kama ufizi wa mzee. Akaweka kipya. Akasafisha mrija, akamimina mafuta mapya kwenye kikopo juu, akarudi chini. Kanyaga. Nimekanyaga. Achia. Mafuta mapya yalikuja na mapovu, halafu mapovu machache, halafu yakaja safi, rangi ya chai isiyokolea. Mzee hakuita jina lolote. Kila mara alisema nimekanyaga, basi. Walipofika pale ambapo Dufie angenyamaza na kukanyaga polepole, mzee naye alinyamaza.

"Imesimama," akasema mwishowe.

Bempah akatoka. Kopo la maziwa lilikuwa mkononi mwake, limejaa nusu. Mzee alikuwa ameshuka, ameegemea fimbo, anakandakanda paja. Akalitazama kopo.

"Utayaweka?"

"Niyaweke ya nini."

Akayapeleka nyuma ya kibanda, kwenye ukuta ambako mafundi wote humwaga oili chafu. Ardhi ya pale imeshiba, hainywi upesi. Maji yalikaa juu yake, yakatoa povu dogo pembeni, yakaingia. Issaka, akirudi msikitini, akapita juu yake bila kujua, akasema, "Alhamdulillahi, mgonjwa amefanyiwa upasuaji," na alipoona nyuso zao akaomba radhi kwa kuinua mkono.

Mzee Gyimah akavaa kiatu chake. "Kesho asubuhi," alimwambia Bempah. "Usichelewe. Na lioshe hilo gari."

*

Ijumaa aliwahi mochwari, kwenye hospitali ileile. Jeneza alilinunua yeye, kama inavyompasa mume, na watu wa mochwari wakalileta likiwa limeshafungwa, wakalisukuma nyuma ya pikapu, Bempah akalifunga kamba mwenyewe. Mlinzi wa getini alikuwa yuleyule. Akamwambia asogeze gari, linazuia njia. Bempah akasogeza gari.

Wakakaa mbele watatu: Bempah kwenye usukani, Pokuaa katikati, mzee dirishani, mahali pa Dufie. Wanawake walifuata kwa basi, wanaimba. Madirisha yalikuwa wazi. Bempah aliendesha polepole na watu wa kando ya njia waliinua mikono. Yeye hakuwapungia, Pokuaa ndiye aliyewapungia.

Barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa tena. Ule mtaro wa mkubwa uliondoka na mvua ya kwanza, utepe na yote. Safari hii hapakuwa na askari, palikuwa na tawi la mti tu limelazwa njiani. Mzee alisonya. Bempah hakusonya. Akakata kona kuelekea Bepokese.

Alikuwa amefikiri kwamba mlimani kutatokea kitu. Hakujua nini, alifikiri mwili utamwambia. Mlima ukaanza. Akakanyaga klachi, pedali ikashuka kidogo ikiwa bure, halafu ikashika, ikausukuma mguu wake kwa nguvu ya haki, si nyingi, si haba. Akashusha gia. Gari likaitika. Akakanyaga tena kwenye kona, ikashika palepale iliposhika mwanzo. Wakafika pale. Alipajua kwa mti uliovunjika tawi na kokoto zilizomchoma mgongo. Gari lilipita pale kama linavyopita mahali pengine popote, injini inanguruma, jeneza halikusogea, na kabla hajamaliza kupatazama pakawa nyuma.

Hakusikia kitu. Mguu ulisikia pedali. Zaidi ya mguu hapakuwa na kitu.

Alifikiri tu, bila uchungu, kama mtu anayesoma kibao: ingekuwa hivi siku ile.

Juu kileleni njia inanyooka kabla ya kuteremka, na ukiwa pale unaiona Asuokrom yote, na nyumba ya ukoo ni rahisi kuijua kwa ile rangi ya njano. Wanawake kwenye basi walikuwa wamechoka kuimba.

"Ikoje?" mzee akauliza, akionyesha miguuni pa Bempah kwa kidevu.

"Inafanya kazi."

Pokuaa alikuwa anaangalia mbele. Tangu utoto alisikia majina yale, yeye pia. "Dada angeiitaje?" aliuliza. "Hii ya leo. Angesema nini?"

Bempah akakanyaga klachi, ingawa gia ilikuwa imeshaingia na hapakuwa na haja. Gari likaelea, likapunguza mwendo pale juu. Akaikanyaga polepole mpaka chini, akaiachia polepole, akaikanyaga tena, kama alivyokuwa anafanya Dufie. Ilikuwa imeshikana. Ilikuwa inakubali. Alingoja. Basi nyuma likapiga honi fupi, ya adabu.

"Sijui," akasema. "Mimi siku zote nilikuwa chini ya gari."

Akaingiza gia ya tatu, wakaanza kuteremka.